Trekta Lisilo na Kibati: Tarehe Zilizosubuliwa kwenye Chuma

Kitu cha kwanza kupotea kwenye trekta ni kile kilichowekwa ili kulitambulisha. Kibati cha namba ni kipande chembamba cha madini, kimeshikiliwa na ribiti ndogo kwenye dashibodi au ubavuni mwa injini. Dashibodi ikioza kwa mvua, kibati huenda nayo. Mpiga rangi akiona kinamchelewesha, hukipaka juu kwa juu au hukibandua. Miaka ikipita, anayelirithi trekta huambiwa tu kwamba "ni Massey" au "ni Ford", na mwaka wake hukisiwa kwa umri wa mtoto aliyezaliwa lilipoletwa.

Hata hivyo, wale waliolitengeneza hawakutegemea kibati peke yake. Waliandika pia kwenye chuma chenyewe, na maandishi hayo hayabanduki. Yako ya aina mbili, na asiyezitofautisha atapotea mapema. Kuna yaliyosubuliwa, yaani yaliyotokea pamoja na kipande chenyewe chuma kilipomiminwa kwenye kalibu; hayo huwa yametuna. Na kuna yaliyogongwa kwa nyundo na chapa baada ya kipande kukamilika. Hayo huwa yamedidimia. Ya kwanza husema kipande kiliundwa lini. Ya pili, mara nyingi, ndiyo namba ya trekta au ya injini.

Tuanze na trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, ambalo ndilo babu wa matrekta mengi mekundu yanayolima Afrika Mashariki hadi leo. Harry Ferguson, mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland, alibuni mfumo wa kulishikamanisha jembe na trekta kwa mikono mitatu inayonyanyuliwa na haidroliki, ili uzito wa jembe na ukinzani wa udongo uyakandamize magurudumu ya nyuma badala ya kulivuta trekta lisimame. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata Ford 9N ikaanza kutengenezwa Marekani. Mapatano hayo yalivunjika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ferguson alishtaki, na shauri likamalizwa mwaka 1952 kwa kulipwa dola milioni 9.25. Wakati huo TE20 ilikuwa imekwisha kutoka kwenye kiwanda cha Banner Lane, Coventry, nchini Uingereza, tangu 1946. Hadi 1956 yalikuwa yametengenezwa matrekta zaidi ya 500,000.

Ugomvi huo ndio unaowachanganya watu leo. Ford 9N, Ford 8N na Ferguson TE20 zote zina mabati ya kijivu, zote ndogo, na kwa mbali sura yao ni moja. Boneti ikiwa imebadilishwa, usiitazame. Panda kitini uhesabu gia. Ford 9N ina gia tatu za kwenda mbele. TE20 ina nne, na 8N vilevile ina nne. Kisha ulizia inavyowashwa. Kwenye TE20 leva ya gia yenyewe ndiyo inayowasha: unaisukuma hadi mahali palipoandikwa S, na injini inazungushwa. Mpango huo ulizuia trekta kuwashwa likiwa kwenye gia na kumkanyaga dereva. Ukiukuta kwenye trekta la kijivu la umbo hilo, uko mbele ya kazi ya Ferguson, hata kama hakuna herufi hata moja iliyosalia kwenye bati.

Mwaka nao hupatikana kwenye injini. TE20 za mwanzo zilifungwa injini ya Continental Z-120 kutoka Marekani, kwa kuwa injini ya kampuni ya Standard ilikuwa bado haijawa tayari. Ya Standard ilipoingia, namba zake zilianza kwa herufi S. Baadaye zikaja aina nyingine: TED20 ya mafuta ya taa mwaka 1949, na TEF20 ya dizeli mwaka 1951. Kwa hiyo anayekuuzia Ferguson ya kijivu ya dizeli na kukuapia kuwa ni ya 1948, ama hajui, ama injini ilibadilishwa. Jambo hilo la pili lilitokea sana: wenye matrekta ya petroli walifunga injini ya Perkins P3 yenye silinda tatu ili wapunguze gharama za mafuta. Hesabu nozeli. Zikiwa tatu kwenye mwili wa kijivu, unatazama trekta lililofanyiwa ukarabati mkubwa, na historia zake ni mbili.

Rangi pia ni ushahidi, ila isomwe pale ambapo brashi haikufika. Chini ya betri, nyuma ya dashibodi au chini ya kiti, kwangua polepole kwa kisu. Ferguson 35 iliyotoka mwaka 1956 ilikuwa na mabati ya kijivu na injini ya rangi ya shaba. Mwishoni mwa 1957 mabati yakawa mekundu, na ndipo jina la Massey Ferguson 35 likaanza kuzoeleka. Mashine hizo za dizeli zilikuja na injini ya Standard yenye silinda nne, iliyolalamikiwa kwa kuwa ngumu kuwaka kwenye baridi. Mwaka 1959 ikapokewa na Perkins ya silinda tatu, ile ile ambayo mafundi wetu wanaifahamu hata wakifumba macho, kwa sababu uzao wake ndio uliofungwa kwenye MF 135 iliyoingia sokoni mwishoni mwa 1964.

Hapo kwa Perkins kuna hazina ambayo wengi hupita bila kuiona. Kuanzia 1974, namba inayogongwa kwenye bloku ya injini zake ilipangwa kwa utaratibu maalumu. Herufi mbili za mwanzo ni za ukoo wa injini. CE, kwa mfano, ni ya silinda tatu. Baada ya tarakimu za orodha ya vipuri hufuata herufi ya nchi, ambapo U ni Uingereza. Kisha huja namba ya mfululizo, na mwisho kabisa herufi moja ya mwaka: A ni 1974, B ni 1975, na kuendelea, I imerukwa ili isidhaniwe kuwa tarakimu 1. Namba inayoishia kwa H ni ya 1981. Namba isiyofuata mpango huu huenda ikawa ya kabla ya 1974.

Ford nao walikuwa na lugha yao. Kwenye matrekta ya buluu yaliyotoka kuanzia mwisho wa 1964, yakiwemo yale ya kiwanda cha Basildon, Uingereza, utakuta kwenye bloku, kwenye gia boksi na kwenye nyumba ya ekseli herufi zilizotuna kama C5NN. C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970, E ni ya 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo huo. Basi C5 ni 1965. Lakini huo ni mwaka ambao kipande kilichorwa, na kipande kilichochorwa 1965 kiliweza kusubuliwa vilevile miaka mingi baadaye. Tafuta karibu yake alama nyingine fupi, kwa mfano 8C14: mwaka unaoishia na 8, mwezi wa Machi, tarehe 14. Miezi imepewa herufi kuanzia A hadi M, na hapa pia I imeachwa. Na kwa kuwa tarakimu ya mwaka ni moja tu, 8 yaweza kuwa 1968 au 1978. Kinachoamua ni alama mbili hizo zikisomwa pamoja: kipande cha D hakiwezi kuwa cha 1968.

Ndiyo maana kipande kimoja hakitoshi. Matrekta yetu yameishi kwa spea za matrekta mengine. Bloku imetoka kwenye mashine iliyopinduka, gia boksi imetoka kwa jirani, boneti imetoka India au Pakistani, ambako Massey Ferguson ziliendelea kutengenezwa kwa leseni. Andika tarehe ya kila kipande kikubwa kando yake. Vikubwa vitatu vikikubaliana, huo ndio mwaka wa trekta. Visipokubaliana, gia boksi na nyumba ya ekseli ya nyuma vipewe uzito zaidi kuliko injini, kwa sababu injini hubadilishwa kwanza.

Mchanganyiko wa namna hii si wa jana. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Tanganyika mwaka 1947, matrekta mapya yalikuwa haba duniani, wakanunua mitambo iliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mingi ikiwa imechakaa. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ilivigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mashine za vita zikapelekwa kung'oa vichaka vya Kongwa. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 36. Anayetaka kuisimulia historia hiyo kwa ukamilifu anazihitaji namba zilizo kwenye vyuma kama anavyozihitaji nyaraka za serikali.

Na vyuma hivyo vinakwisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo. Kwake bloku ya 1948 na ya 1988 bei ni moja. Kabla hujakubali bei yake, osha trekta kwa mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya waya na si kwa grainda, kwa maana grainda hufuta namba zilizodidimia. Paka chaki juu ya herufi zilizotuna ili zisomeke, piga picha, uandike kila namba na mahali ulipoikuta. Kama wewe ndiye unayenunua, ukakuta mahali pa namba pamesagwa pakawa laini, usinunue trekta hilo. Na kama ni lako, la baba au la babu, weka daftari hilo pamoja na kadi ya trekta, umwoneshe atakayelirithi.