Kutoka kisu cha mhunzi hadi miale ya leza

Aprili 1651, mjini Amsterdam, mhunzi Jan de Doot alimtuma mkewe sokoni kununua samaki. Mke alipotoka, Jan akashika kisu alichokifua mwenyewe, ndugu yake akamsaidia, akajipasua msamba na kulitoa jiwe lililokuwa kwenye kibofu chake cha mkojo. Lilikuwa kubwa kuliko yai la kuku, uzito wake wakia nne. Wapasuaji walikwishamkata mara mbili kabla ya hapo, na hakutaka kuwarudia. Daktari Nicolaes Tulp alikiandika kisa hicho, na mwaka 1655 Carel van Savoyen alimchora mhunzi huyo, kisu mkono mmoja, jiwe mkono wa pili. Picha hiyo imehifadhiwa Leiden.

Mtu hujikata mwenyewe akiwa amechoshwa na maumivu. Jiwe la kibofu huanza pale mkojo usipotoka wote. Chumvichumvi zilizomo huganda, punje ikakua ikawa kokoto. Likiziba mlango wa kibofu, mkojo hukatika ghafla na mgonjwa huhangaika, mara asimame, mara alale, apate angalau matone.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Katika makaburi ya El Amrah, Misri, wachimbuzi walikuta jiwe la namna hiyo kwenye mifupa ya nyonga ya kijana aliyekufa kabla ya enzi za mafarao. Kiapo cha Hippocrates kilimkataza daktari kuwapasua wenye mawe. Kazi hiyo iliachiwa waliobobea. Mrumi Celsus, katika karne ya 1, alieleza jinsi walivyofanya: mtoto anapakatwa na kushikiliwa barabara, mpasuaji anaingiza vidole kwenye njia ya haja kubwa, analisukuma jiwe lishuke, kisha anakata msamba mpaka alifikie. Wapasuaji wa Ulaya waliendelea kuifuata njia hiyo kwa zaidi ya miaka 1,500.

Hayo yote yalifanyika bila nusukaputi, iliyokuja kujulikana mwaka 1846. Rehema pekee ilikuwa haraka. William Cheselden wa London, katika karne ya 18, aliweza kulitoa jiwe kwa muda usiofika dakika moja. Mwingereza Samuel Pepys alipasuliwa Machi 26, 1658, akapona, na akaweka nadhiri ya kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka kwa karamu. Jiwe lake alilitengenezea kasha.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Mfaransa aliyetoka familia ya wakulima, Jean Civiale. Tangu akiwa mwanafunzi alijiuliza: ikiwa mkojo una njia yake ya kutokea, kwa nini chombo kisiingie kwa njia hiyo hiyo? Alitengeneza mrija mwembamba wa chuma uliobeba koleo la vidole vitatu, na katikati yake keekee. Januari 13, 1824, mjini Paris, mbele ya madaktari mashahidi, aliupitisha kwenye njia ya mkojo ya mgonjwa. Vidole vikafunguka ndani ya kibofu, vikalibana jiwe, keekee ikalitoboa mpaka likavunjika. Vipande vilitoka na mkojo. Hakuna aliyekatwa.

Civiale hakuishia kwenye ufundi. Alikusanya hesabu kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya, na mwaka 1835 zikajadiliwa na wanasayansi wa Paris: kwa kisu, alikufa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, kwa njia yake, kama wawili kati ya mia. Wapo waliopinga, wakisema mgonjwa si tarakimu. Lakini kwa yule anayesubiri kulazwa juu ya meza, tarakimu hizo ndizo zilizokuwa na maana kuliko zote.

Hata hivyo, hatari haikwisha. Napoleon III, aliyekuwa kaizari wa Ufaransa, alivunjwa jiwe akiwa uhamishoni Uingereza, akafariki Januari 9, 1873, kabla matibabu hayajakamilika.

Leo wazo la Civiale bado linaishi, ila daktari sasa anaona anachokifanya. Mgonjwa akiwa amepigwa ganzi au nusukaputi, kifaa chembamba chenye kamera hupita kwenye njia ya mkojo, na leza au kifaa cha kugongagonga hulisaga jiwe. Likiwa kubwa mno, mgonjwa hupasuliwa tumbo chini ya kitovu.

Swali ambalo wagonjwa wengi husahau kuuliza ni kwa nini jiwe lilijengeka. Kwa wanaume wazee chanzo kikubwa ni tezi dume iliyokua na kuziba njia. Katika ukanda wetu wa pwani na visiwani, kichocho cha mkojo nacho huacha makovu kwenye kibofu. Kwa hiyo ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo unakatika njiani, usingoje wala usione haya: nenda ukapimwe kwa ultrasaundi. Na jiwe likishatolewa, muulize daktari kuhusu chanzo chake, maana chanzo kikiachwa bila tiba, jiwe jingine huweza kujengeka.