Hesabu ya Tanuu: Kisa cha Mashine Zinazovuta Hewa Ukaa

Ukifika Kilwa Kisiwani, ukaingia kwenye magofu ya Msikiti Mkuu, weka kiganja ukutani. Yale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa chokaa ilipatikanaje: matumbawe yalivunjwavunjwa, yakapangwa kwenye tanuu juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji hadi yakawa unga mweupe. Wachache tunajua kilichofuata baada ya fundi kumaliza kupaka, kunawa mikono na kwenda zake. Ukuta ulianza kuvuta. Ulivuta hewa ukaa iliyokuwa ikipita, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka chokaa ikarudi kuwa jiwe.

Naanza na ukuta huo kwa sababu siku hizi zinajengwa mashine za mamilioni ya dola zifanye kazi hiyohiyo: kuivuta hewa ukaa kutoka hewani na kuifungia isirudi. Wapo wanaosema mashine hizi zitaiokoa dunia na joto. Wapo wanaosema ni kiini macho cha matajiri. Mimi naona historia yake inatujibu vizuri kuliko mabishano ya leo, basi hebu tuifuate.

Katika miaka ya 1750, huko Edinburgh, Uskoti, daktari kijana aitwaye Joseph Black alikuwa akichoma mawe na kuyapima. Aliona kuwa jiwe la chokaa likitoka motoni limepungua uzito. Kumbe kulikuwa na hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, na moto umeifungulia. Akaipa jina linalofanana na hali yake: hewa iliyofungwa. Aliona pia kuwa ukipuliza pumzi yako kwenye maji ya chokaa, maji yanageuka meupe kama tui. Ile hewa imenaswa tena.

Kwa vipimo vya leo, kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiiva sawasawa hutoa kilo 44 za hewa ukaa, zikabaki kilo 56 za chokaa. Ukuta ukikaa miaka na mikaka unaweza kuzirudisha zile 44, wala haziwezi kuzidi hapo. Na moshi wa magogo je? Huo haumo kwenye hesabu ya ukuta. Ulikwenda zake juu, na mti uliokatwa unahitaji miaka mingi kuota tena. Tuiite hii hesabu ya tanuu: kabla hujakisifu kilichovutwa, uliza kwanza kilichochomwa. Tutaihitaji mbele ya safari.

Wapenzi wa riwaya watafurahi kujua kwamba chujio la hewa lilifika mwezini kwenye vitabu kwanza. Mwaka 1865 Jules Verne alichapisha riwaya ya safari ya kutoka duniani kwenda mwezini, na miaka michache baadaye akaiendeleza. Ndani yake watu watatu wamefungiwa kwenye kombora kubwa. Verne, ambaye hakupenda kumwacha msomaji na maswali ya kitaalamu, anaeleza watapumuaje: kemikali moja inapashwa moto itoe oksijeni, na nyingine, potashi kali, inanyonya hewa ukaa wanayoitoa puani. Hakuibuni mbinu hiyo kichwani. Aliichukua kwa wanakemia Wafaransa wa zama zake, Regnault na Reiset.

Miaka 105 baadaye, Aprili 1970, watu watatu wa kweli walikuwa njiani kwenda mwezini kwa chombo cha Apollo 13: Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise. Tangi la oksijeni likalipuka. Ikabidi wahamie kwenye kile chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili kwa siku mbili hivi. Oksijeni ya kupumua humo ilikuwepo. Kilichotaka kuwaua ni pumzi yao wenyewe, maana hewa ukaa ilikuwa inapanda na makopo ya kuinyonya yalikuwa yanakaribia kwisha. Makopo mengine yalikuwepo kwenye chombo kikuu, lakini yalikuwa ya mraba, na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya duara. Wahandisi kule Houston wakakaa chini, wakabuni kiungo kwa vitu ambavyo wanaanga walikuwa navyo mkononi: mifuko ya plastiki, karatasi ngumu za vitabu vya maelekezo, mipira ya suti, gundi ya utepe, hata soksi. Wakawasomea maelekezo kwa redio. Kiwango cha hewa ukaa kikashuka, watu wakarudi nyumbani salama.

Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama hewa ukaa inaweza kuvutwa kwa mashine. Inaweza, na nyambizi zinafanya hivyo mpaka leo. Ila angalia mazingira yenyewe: chumba kidogo, mlango umefungwa, watu wanaohesabika. Chujio lilikuwa linasafisha pumzi tu. Kazi ya kulitoa chumbani na kulipeleka nje, kwenye anga lote, ni kazi nyingine kabisa.

Aliyeipeleka nje, kwa maana ya kuipigia hesabu rasmi, ni mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani, Klaus Lackner, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Los Alamos, Marekani. Mwaka 1999 yeye na wenzake waliandika makala wakiuliza kama hewa ukaa inaweza kuchotwa moja kwa moja kutoka hewani. Chanzo kimojawapo cha ujasiri wake kilikuwa nyumbani. Binti yake alikuwa akitafuta jaribio la sayansi la shule. Akachukua pampu ndogo ya tangi la samaki, akapitisha hewa usiku kucha kwenye maji yenye kostiki, hii hii ya wapika sabuni, na asubuhi sehemu ya hewa ukaa ilikuwa imenaswa. Baba akaona: kama mtoto anaweza kwa pampu ya samaki, basi mlango uko wazi.

Mlango uko wazi, lakini ni mwembamba. Katika chembe 10,000 za hewa tunayovuta, za hewa ukaa ni 4 hivi. Kwenye moshi wa mtambo wa makaa ya mawe huwa zaidi ya 1,000. Anayesafisha hewa ya kawaida ni kama mtu aliyepewa ungo na kuambiwa atoe chuya nne kwenye punje 10,000 za mchele. Na akishazitoa kazi haijaisha. Ile kemikali iliyoikamata hewa ukaa lazima ipashwe joto iiachie, ili itumike tena kesho. Kukamata ni rahisi, kuachisha ndiko kunakokula nishati. Kwa mashine za namna inayotumiwa Iceland, tani moja inahitaji zaidi ya uniti 2,000, ukijumlisha joto na umeme. Anayenunua umeme kwa tokeni anajua uniti 2,000 ni nini.

Fedha nazo zikaanza kuitwa. Mwaka 2007 tajiri wa Uingereza, Richard Branson, akiwa na Al Gore, alitangaza zawadi ya dola milioni 25 kwa atakayeonyesha njia ya kweli ya kuondoa gesijoto hewani. Mwaka 2019 shindano likafungwa bila mshindi. Mwaka 2011 jopo la Chama cha Wanafizikia cha Marekani lilikadiria gharama ya tani moja kuwa dola 600 hivi. Wengine wakasema watashuka mpaka dola 100.

Waliojenga hawakungoja zawadi. Vijana wawili waliosoma Zurich, Christoph Gebald na Jan Wurzbacher, walianzisha kampuni ya Climeworks mwaka 2009. Mei 2017 wakafungua mtambo wao Hinwil, Uswisi, juu ya paa la kiwanda cha kuchoma taka, ili watumie joto la bure. Mtambo ulikuwa wa tani 900 kwa mwaka, na hewa ukaa yake ikapelekwa kwa bomba kwenye kitalu nyumba cha jirani kustawisha mboga. Hapo hesabu ya tanuu inabisha hodi: mboga ikishaliwa, ile hewa inarudi ilikotoka.

Walijua hilo, ndiyo maana wakaenda Iceland. Kule chini kuna mwamba wa volkano, basalti, na watafiti wa mradi wa CarbFix walikuwa wameyeyusha hewa ukaa kwenye maji na kuisukuma ndani ya mwamba huo. Mwaka 2016 walitangaza kuwa zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe kwa muda usiofika miaka miwili. Ni kazi ileile ya ukuta wa Kilwa, sasa imehamia chini ya ardhi. Septemba 2021 ukazinduliwa mtambo wa Orca, wenye uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka, na Mei 2024 ukafuata Mammoth, uliopangwa kufikia tani 36,000.

Sasa tupige hesabu ya dukani. Dunia inatoa kama tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na viwanda. Gawanya kwa sekunde za mwaka, unapata karibu tani 1,200 kila sekunde. Mammoth ikifanya kazi mwaka mzima kwa uwezo wake wote, bila kusimama, inafuta moshi wa nusu dakika. Na haijafika huko. Mwaka 2025 gazeti la Heimildin la Iceland liliripoti kuwa mitambo yote ya kampuni hiyo nchini humo, tangu 2021, ilikuwa imekamata tani 2,400 hivi tu. Hata uwezo wa Orca peke yake kwa mwaka mmoja haujafikiwa.

Mtu anaweza kusema, mpeni mtoto muda, hata ndege ya kwanza haikuvuka bahari. Nakubali. Uchanga wa mashine haunitishi sana. Kinachonitisha ni nani anaishika na anaitakia nini.

Mwaka 2023 kampuni ya mafuta ya Occidental ya Marekani ilinunua kampuni ya Carbon Engineering kwa dola bilioni 1.1, ikiwa tayari inajenga Texas mtambo uitwao Stratos, wa tani 500,000 kwa mwaka. Occidental si wageni wa hewa ukaa. Texas wamekuwa wakiisukuma ardhini tangu miaka ya 1970, ili iyasukume mafuta yaliyokataa kutoka. Machi 2023 mkuu wa kampuni hiyo, Vicki Hollub, alisema hadharani kwamba teknolojia hii inaipa sekta yao leseni ya kuendelea na kazi kwa miaka 60, 70, hata 80 ijayo. Angalau amesema wazi. Mwenye tanuu amenunua kipande cha ukuta, na kila ukimwuliza habari za moshi anakuonyesha ukuta.

Mashine hizi zimefika hata kwetu Afrika Mashariki. Kampuni ya Octavia Carbon yenye makao Nairobi inatengeneza mitambo ya namna hii, na sababu inaeleweka. Kenya ina jotoardhi ya Bonde la Ufa, iliyoanza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981, na ina mwamba wa volkano wa kuhifadhia. Vijana wahandisi wanapata kazi na ujuzi, si haba. Ila maswali yapo. Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na bado kuna kaya nyingi zisizo na umeme. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mitambo ya jotoardhi. Mvuke ule ukitumika kufuta moshi wa mnunuzi wa mbali, aliyehama na anayekaa gizani wanapata nini? Lazima jibu liwe kwenye mkataba, lisibaki kwenye hotuba.

Kuna watakaouliza, si tupande miti tu? Tupande, kwa kila hali. Lakini mti huungua, hukatwa, unataka ardhi na maji, na ardhi ina wenyewe. Jiwe haliungui. Wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2018 kwamba ili joto lisizidi nyuzi 1.5, itabidi pia hewa ukaa kiasi iondolewe hewani. Kuna moshi utakaochelewa kwisha, kama wa saruji na ndege, na kuna ule uliokwisha kutoka tangu enzi za babu zetu. Kwa huo, mashine ina kazi halali. Kwa hiyo nasema ziendelee kujengwa, zijaribiwe, na bili aipelekewe aliyewasha moto. Lakini tani ambayo haikuchomwa haihitaji feni, wala kemikali, wala uniti 2,000.

Nimalizie na wale watatu wa Apollo 13, maana kuna sehemu ya kisa chao ambayo husahaulika. Tunakumbuka soksi na gundi. Lakini kabla kile kiungo hakijaanza kazi, walikuwa wamekwisha kuzima chombo kikuu chote, na kwenye chombo kidogo wakazima karibu kila kitu, wakakaa siku kadhaa kwenye baridi kali, mavazi yao yakiwa na unyevu, ili umeme uwatoshe mpaka mwisho. Walizima kwanza, ndipo wakafunga chujio.