Programu za Windows kwenye Mac: Njia za Wanafunzi wa Kampala

Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2005 ikawa kitivo kamili. Katika kipindi hicho kompyuta zilizoenea Kampala, kuanzia maofisini hadi madukani Wandegeya nje ya chuo, zilikuwa za jamii ya IBM, zilizokuja kuendesha Windows. Programu za taaluma nazo zikaelemea upande huo. CSPro ya sensa na tafiti za kaya, ArcMap ya ramani na Revit ya usanifu wa majengo zilikuwa za Windows tu.

Kikwazo cha mwenye Mac kilikuwa prosesa. Tangu 1994 Mac zilitumia PowerPC, isiyoelewa amri za Windows, zilizoandikiwa prosesa za Intel. Virtual PC, iliyotolewa na kampuni ya Connectix mwaka 1997, ilitafsiri amri hizo papo kwa papo, lakini kwa mwendo wa kusuasua.

Mambo yalibadilika Januari 2006, Apple ilipoanza kuuza Mac zenye prosesa za Intel. Aprili ikatoa Boot Camp, iliyogawa diski ili Windows ikae upande wake. Windows ilipata nguvu zote za mashine, ila kuhama upande kulidai kuzima na kuwasha upya. Juni ikaja Parallels Desktop, na baadaye VirtualBox ya bure. Hizi ziliendesha Windows ndani ya dirisha la Mac, mifumo yote miwili ikigawana kumbukumbu. Kwenye laptopu yenye kumbukumbu ndogo, yote ilizorota. Wine, mradi ulioanza 1993, haukuhitaji Windows kabisa, lakini si kila programu ilikubali kufanya kazi humo.

Gharama haikuishia kwenye laptopu, kwa kuwa leseni ya Windows ililipiwa peke yake. Kabla ya nyaya za baharini kuanza kazi Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ya Uganda ilitegemea satelaiti, ghali na ya polepole. Kwa hiyo mafaili makubwa, kama ya programu, yalipitishwa mkono kwa mkono kwa sidii na flashi.

Novemba 2020 Apple ilianza kuiacha Intel kwa chipu yake ya M1, ya jamii ya Arm, ambayo haikubali Boot Camp. Windows iliyobaki kwake ni ile ya chipu za Arm, ambayo Microsoft iliidhinisha itumike ndani ya Parallels Februari 2023. Humo programu za Intel hutafsiriwa tena, safari hii na Windows yenyewe, na chipu za sasa zina kasi ya kutosha kwa kazi nyingi za darasani.

Wakati huo huo haja yenyewe imepungua. AutoCAD ya michoro ilirudi kwenye Mac mwaka 2010. R ya takwimu na QGIS ya ramani, zote za bure, hufanya kazi kwenye Mac na Windows sawasawa. Anayesomea usanifu kwa Revit bado hana toleo la Mac: ataendesha Windows ndani ya Mac yake, au atatumia kompyuta ya Windows ya maabara.