Si Kikoa, Wala Mali ya Umma

Nimerejeshewa makala yangu kuhusu vibao vya namba za barabara za Marekani. Mhariri, ambaye simtaji, amelifuta neno langu la hali ya kazi isiyo na hakimiliki kwa wino mwekundu na kuandika juu yake “kikoa cha umma”. Kikoa! Bibi zetu wa pwani walikula kikoa: leo kapika huyu, kesho yule, na asiyetoa zamu yake haketi penye sinia. Kazi isiyo na mwenye hakimiliki haimdai mtu zamu. Neno kikoa lilikwisha kuonewa lilipobandikwa kwenye anwani za intaneti. Kulionea tena ni ukaidi.

Kamati moja, ya wasomi wakubwa, inang'ang'ania “mali ya umma”. Basi na wasimame chini ya ngao nyeupe ya 1926, ile ya barabara za kitaifa za huko. Bati ni mali ya umma. Ling'oe uone utakavyofikishwa mahakamani. Mchoro je? Mwongozo wa shirikisho wa alama za barabarani, toleo la 2009, uliuacha bila hataza wala hakimiliki. Ngao ya barabara kuu za kati ya majimbo ndiyo iliyobaguliwa. Kwenye ngao nyeupe, bati lina mwenyewe, mchoro hauna. Neno moja litabebaje yote mawili?

Vibao vya majimbo, kuanzia vile vya Wisconsin vya 1918 hadi alizeti ya Kansas na mzinga wa nyuki wa Utah, vina kisa chao. Msamaha wa sheria unaoziacha kazi za serikali ya shirikisho bila hakimiliki hauwahusu wachoraji wa majimbo. Ila kabla ya 1978, aliyechapisha kazi bila ilani ya hakimiliki haki ilimponyoka, na idara ya barabara ilikuwa na lami ya kufikiria, si ilani.

Neno langu ni *uhuria*. Mzizi wake ni ule wa Kiarabu uliotupa huru na uhuru. Huria tunayo katika soko huria, programu huria, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nimeongeza u- ya hali tu, kama ya utumwa na ujane. Mtumwa hutoka utumwani. Kazi huingia uhuriani. Mjuzi mmoja aliniambia linasikika kama ugonjwa. Huyo ndiye aliyetupa “kitarakishi” kwa maana ya kompyuta.

Matumizi: “Mchoro huu umo uhuriani, unakili upendavyo.” Mhariri asiguse.