Sifuri, Mirathi na Kompyuta

Leo tuache kidogo habari za zamu na mishahara, tuongelee vitabu vya kompyuta. Usikimbie, mimi mwenyewe ni muuguzi tu!

Wodini tuna karatasi ukutani. Moyo wa mgonjwa ukisimama, anza na hili, kisha angalia lile. Kama ndiyo nenda huku, kama hapana nenda kule. Utaratibu huo unaitwa algorithimu. Watu wa kompyuta nao wanalitumia neno hilohilo, maana programu ni hatua zilizopangwa namna hiyo. Kumbe neno lenyewe ni jina la mtu!

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad karne ya 9, enzi za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Kitabu chake cha aljebra hakikuwa cha kuonyesha akili. Anaeleza kwamba amekiandika kwa shida za watu: mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za mirathi. Marehemu kaacha mke, watoto na deni; nani apate nini? Wenzetu wa pwani wanajua swali hilo linavyoweza kuvunja undugu. Yeye anajibu kwa hatua: fanya hivi, kisha hivi. Anayezifuata anafika, hata kama mwandishi hayupo wa kuulizwa.

Kitabu chake kingine kilifundisha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, pamoja na sifuri. Nakala ya Kiarabu imepotea, tunakijua kwa maandishi ya Kilatini tu, kuanzia karne ya 12. Huko jina lake likaandikwa Algoritmi, na baadaye likawa jina la njia yenyewe ya kuhesabu.

Mwaka 1968 Mmarekani Donald Knuth alitoa juzuu ya kwanza ya The Art of Computer Programming, kitabu ambacho wanaprogramu wanakiheshimu mpaka leo. Kurasa za mwanzo tu anamtaja al-Khwarizmi, kisha anatoa masharti 5 ya algorithimu: iwe na mwisho, kila hatua isiwe na utata, kinachoingia kijulikane, kinachotoka kijulikane, na hatua ziwe rahisi kiasi cha mtu kuweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi. Sharti la pili lilinichekesha, maana ndivyo tulivyofundishwa kuandika dozi. Usiandike 1.0, andika 1. Nukta isipoonekana, mgonjwa atapewa 10!

Sasa njoo huku Doha. Sokoni nasikia hisab, nasikia sifr. Kwenye kompyuta ya Kiarabu, sehemu ya kuhifadhi kazi imeandikwa hifdh. Sisi tunasema hesabu, sifuri, hifadhi. Maneno haya bibi zetu walikuwa nayo kabla kompyuta ya kwanza haijatengenezwa. Halafu mtu anakwambia Kiswahili hakiwezi teknolojia!

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kutumia programu ni kitu kimoja, kuitunga ni kingine. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, hesabu anaziweza kweli. Kitabu chake cha kuprogramu ni cha Kiingereza, na anakwama kwenye sentensi, si kwenye hesabu. Nikimpigia simu tukaongea kwa mfano wa kugawa mirathi, anaelewa na ananitangulia.

Jamani, Wazungu wa karne ya 12 hawakuishia kukisifu Kiarabu. Walivitia vitabu vile kwenye Kilatini, lugha ya shule zao, wakavifundishia, mwishowe dunia ikadhani ni vyao. Wataalamu wetu mlioko Dar, Nairobi na ughaibuni, andikeni. Hata kijitabu cha kurasa 40, chenye mifano ya duka la mtaani na shamba la mahindi, kitamfikisha mtoto mbali kuliko juzuu nene asiyoielewa.

Naingia zamu ya usiku. Wasalaam!