STI, NISMO, GR: Herufi Hizi Zilitoka Wapi?

Simama dakika kumi tu pale stendi ya Nyegezi uhesabu stika. Bajaji ina STI. IST ina TRD. Hiace imebandikwa NISMO, wakati Nismo ni ya Nissan na Hiace ni Toyota! Tunacheka, sawa. Lakini siku ukienda kununua gari used, herufi hizohizo zinaweza kukupandishia bei. Kwa hiyo ni vizuri ujue zilianzaje.

Mwanzoni hazikuwa pambo. Yalikuwa majina ya vikosi vya mafundi walioandaa magari ya mashindano, kando na kiwanda kinachotoa magari ya watu wote. BMW walianzisha kikosi chao mwaka 1972. Ndiyo hiyo M unayoiona. Nissan wakaunda Nismo mwaka 1984. Subaru wakaja na STI, kwa kirefu Subaru Tecnica International, Aprili 1988. Miezi michache tu baadaye, Januari 1989, Subaru Legacy ilikimbizwa huko Arizona, Marekani, kilometa 100,000 kwa wastani wa kilometa 223 kwa saa. Yaani herufi zilikuwa na kazi nyuma yake.

Mtihani mwingine mgumu ulikuwa huku kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tope, vumbi, mawe, na ng'ombe barabarani. Toyota Celica ilishinda mara nane kati ya 1984 na 1995. Na mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliimaliza akiwa na Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata cc 700!

Sasa, ushindi unauza. Aliyeiona gari ikishinda anatamani nayo kidogo, hata kama yeye anaendesha kwenda sokoni tu. Hapo ndipo jina la karakana linapogeuka bidhaa.

Angalia GR, yaani Gazoo Racing. Gazō kwa Kijapani ni picha. Gazoo ilikuwa huduma ya mtandaoni ya Toyota, iliyoanza kwa kuonyesha picha za magari used, na Akio Toyoda alikuwa nyuma yake. Mwaka 2007 alipoipeleka timu yake kwenye mbio za Nürburgring, Ujerumani, hawakutumia jina la Toyota. Wakajiita Team Gazoo. Mwaka 2022, Toyota Gazoo Racing ilichukua nafasi nne za kwanza za Safari Rally pale Naivasha. Jina lilianzia kwenye picha kama zile tunazoperuzi usiku kwenye simu tukitafuta gari!

Ila GR nazo hazilingani. Tangu 2017 Toyota imezipanga kwa ngazi: GR Sport chini, GR katikati, GRMN juu. GR Yaris ina injini ya turbo iliyobuniwa kwa kuwaza mashindano. GR Sport mara nyingi inabadilishiwa bampa, viti na springi, injini inabaki ileile.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha herufi nyuma ya gari, muulize: mafundi waligusa nini? Kisha linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari, utafute mtandaoni gari hilo lilitoka kiwandani likiwa toleo gani. Stika inabandikwa kwa dakika tano. Injini haibandikwi.