Pedali Pacha na Pedali za Kupandanishwa: Historia ya Mkwaruzo wa Gitaa la Umeme

Katika muziki wa dansi na rumba ya Afrika Mashariki na Kongo, ambako gitaa husifiwa kwa sauti nyororo inayosikika nota kwa nota, amplifaya inayokwaruza imehesabiwa kwa kawaida kuwa mbovu na ya kupelekwa kwa fundi. Katika bluzi na roki za Marekani na Uingereza, kinyume chake, ubovu huo uligeuka kuwa sauti inayotafutwa kwa gharama kubwa, na katika kuitafuta ndipo lilipozuka swali ambalo wapiga gitaa hawajalimaliza, yaani kama inafaa kununua pedali pacha, ambayo ni kisanduku kimoja chenye saketi mbili za ovadraivu, au kununua pedali mbili tofauti na kuzipandanisha kwa kuziunganisha kwa waya, moja ikiilisha nyingine. Swali hili limezoeleka kujibiwa kwa hesabu ya bei na nafasi, ilhali historia yake inaonyesha kwamba kinachogombaniwa hasa ni mamlaka ya kuamua mpangilio: ama uamuzi huo ubaki mguuni mwa mpigaji, ama ufungiwe mapema ndani ya kisanduku na aliyekibuni.

Ovadraivu ni jina la mkwaruzo wa wastani unaotokea pale kifaa cha kukuza sauti kinapopewa mawimbi makubwa kuliko kinavyoweza kuyabeba, hata vilele vya mawimbi hayo vikakatwa na kuwa bapa, na kutokana na mkato huo zikaongezeka sauti ndogondogo za juu ambazo hazikuwamo kwenye nyuzi. Amplifaya za valvu, yaani zile zinazotumia mirija ya kioo kama ya redio za zamani, hukata vilele hivyo taratibu, kwa hiyo mpigaji akigusa nyuzi kwa upole sauti husafika na akizichapa huchafuka. Tabia hiyo ya kuutii mkono ndiyo inayoitofautisha ovadraivu na fazi, ambayo hukata mawimbi kwa ukali kiasi kwamba mguso mwepesi na mzito hukaribiana.

Mwanzo wake ulikuwa ajali juu ya ajali. Rekodi ya "Rocket 88", iliyofanywa Memphis mwaka 1951 katika studio ya Sam Phillips, ilibeba sauti ya amplifaya ya Willie Kizart iliyokuwa imeharibika, na spika yake ikajazwa karatasi ili kipindi cha kurekodi kisipotee bure. Takriban miaka kumi baadaye, huko Nashville, hitilafu katika mtambo wa kuchanganyia sauti iliikwaruza sehemu ya gitaa la besi ya Grady Martin katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, na fundi mitambo Glenn Snoddy, badala ya kuishia kuurekebisha mtambo huo, alishirikiana na mwenzake Revis Hobbs kuunda saketi ya transista itakayotoa mkwaruzo wa aina ile kwa kukanyaga swichi. Saketi hiyo iliuzwa na kampuni ya Gibson kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikasubiri mpaka mwaka 1965, Keith Richards alipoitumia katika "Satisfaction" ya Rolling Stones, ndipo wanunuzi wakaikimbilia.

Hata hivyo, chimbuko la upandanishaji halimo katika fazi bali katika vifaa vya unyenyekevu zaidi, vilivyokusudiwa kuongeza nguvu tu. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Dallas ya London iliuza Rangemaster, kisanduku chenye transista moja ya jerimani kilichowekwa juu ya amplifaya ili kunyanyua sauti nyembamba. Wapigaji kama Rory Gallagher na Tony Iommi waligundua kwamba kikiisukuma amplifaya iliyokwisha kufunguliwa karibu na ukomo wake, hakiongezi kelele kwa kiasi kile kile kinavyoongeza mkwaruzo. New York nako, Mike Matthews, mwanzilishi wa Electro-Harmonix, alikuwa akijaribu kifaa cha kurefusha mlio wa nyuzi kilichobuniwa na Bob Myer, akakuta kwamba kisanduku kidogo kilichotangulizwa mbele ya kifaa hicho, kwa kazi ya kuongeza tu nguvu ya gitaa, kilikuwa na thamani kuliko mradi wenyewe. Ndicho kilichouzwa kwa jina la LPB-1 mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa maana hiyo upandanishaji ulitangulia pedali ya ovadraivu: tabaka la kwanza lilikuwa amplifaya yenyewe, na kisanduku kilikuwa tabaka la pili.

Ovadraivu kama pedali inayojitegemea ilikomaa Japani. Boss, tawi la kampuni ya Roland, ilitoa OD-1 mwaka 1977 katika umbo dogo ambalo imeendelea kulitumia kwa pedali zake nyingi, na muda mfupi baadaye Ibanez ilianza kuuza Tube Screamer, iliyobuniwa na Susumu Tamura wa kampuni ya Maxon. Umbo hilo dogo, pamoja na betri ya volti 9, lilikuwa na athari kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu visanduku vya kimo kimoja hupangika kwa urahisi juu ya ubao, na ubao uliojaa visanduku humshawishi mwenye nao kuwasha viwili kwa pamoja. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliifanya Tube Screamer ijulikane kwa kuisukumia amplifaya za Fender zilizokuwa zimefunguliwa sana, jambo ambalo kimsingi ni mbinu ile ile ya Rangemaster.

Pedali mbili zinapopandanishwa, matokeo hutegemea ipi inatangulia. Dayodi, ambazo ni vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja na vinavyotumika kukata vilele vya mawimbi, huweka dari: zile za silikoni hukata karibu na volti 0.6 na zile za jerimani chini ya hapo. Pedali tulivu ikitangulia pedali kali, nguvu yake inaishia kwenye dari ya ile kali, hivyo mkwaruzo unanenepa bila sauti kupaa. Mpangilio ukigeuzwa, mkwaruzo uliokwisha kukamilika unanyanyuliwa na ile tulivu, na gitaa linatoka mbele ya bendi nzima. Rangi ya sauti nayo hubadilika, kwani Tube Screamer hupunguza besi chini ya takriban hezi 720 kabla ya kukata mawimbi, na ikitangulia huizuia pedali inayofuata isivurugwe na besi nzito. Kwa hiyo anayehamisha waya mmoja tu amepata ala nyingine, na hilo ndilo jambo ambalo watengenezaji wa pedali pacha walipaswa kuliamua kwa niaba yake.

Fulltone ya Mike Fuller, huko Marekani, iliamua kwa ukali. Full-Drive 2 ya miaka ya 1990 ilikuwa na swichi mbili za mguu, lakini katika matoleo yake ya awali ile ya kuongeza nguvu haikufanya kazi mpaka ovadraivu iwe imewashwa, yaani ilikuwa daraja la pili la sauti moja, wala si pedali ya pili. King of Tone ya Mike Piera, iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano na mpiga gitaa Jim Weider, ilikuwa karimu zaidi: saketi mbili zenye asili ya Bluesbreaker, pedali ya Marshall ya mwaka 1991, kila moja ikiwa na vitufe vyake, na ndani yake swichi ndogo za kuchagua kama upande fulani uongeze nguvu tu, ukwaruze kidogo au ukwaruze zaidi. Orodha ya wanaoisubiri imefikia urefu wa miaka kadhaa, na pengine sifa hiyo ya uhaba imechangia umaarufu wake kama ilivyochangia sauti yenyewe. Lakini katika umbo lake la kawaida mfuatano wa pande zake mbili umefungwa, na anayetaka kutia pedali nyingine katikati hana mlango.

Faida za kufungwa huko ni za kweli. Pacha huhitaji waya mmoja wa umeme, huondoa kiungo kimoja kinachoweza kukatika jukwaani, na saketi zake zimesikilizwa pamoja na mtu mmoja kabla ya kuuzwa, tofauti na pedali mbili zilizokutanishwa na bahati ya duka. Hasara ni kwamba moja ikiharibika zote mbili huenda kwa fundi, na mpigaji aliyeichoka nusu moja hulazimika kuuza nzima. Kwa anayepiga mtindo mmoja kila usiku pacha inatosha kabisa. Kwa anayehamahama kati ya mitindo, uzuri wake hugeuka kizuizi mapema.

Watengenezaji walilijibu pingamizi hilo katika miaka ya 2010. D&M Drive ya Robert Keeley iliwekewa swichi ya kugeuza upande upi utangulie, pamoja na nafasi ya kuzitenganisha pande hizo na kutia pedali nyingine kati yake, na Brothers ya Chase Bliss ikaruhusu zaidi ya hapo, kwa kuwa saketi zake mbili zinaweza kufuatana kwa mpangilio wowote au kwenda sambamba, kila moja ikipokea gitaa moja kwa moja na sauti zao kuchanganywa mwishoni. Katika usambamba huo hakuna pedali inayoisukuma mwenzake wala dari inayowekwa juu ya nyingine, na mpigaji mwenye visanduku viwili vilivyounganishwa kwa waya wa kawaida hawezi kuupata bila kununua kifaa cha tatu cha kugawa na kuchanganya mawimbi.